Alpine, Mutt au aerc: Ipi ikufae kusoma barua pepe kwenye terminali?

Terminali ni ile skrini nyeusi ambayo unaiandikia kompyuta amri badala ya kubofya. Humo pia barua pepe zinasomeka vizuri tu, bila picha wala vitufe vya rangi.

Kwa nini mtu ajisumbue? Barua nyingi za matangazo huja na picha ndogo mno isiyoonekana kwa macho. Programu yako ikiivuta kutoka kwenye seva ya mtumaji, yeye anajua umefungua saa ngapi. Programu za maandishi hazivuti picha hizo, na bando lako linapona.

Kama ndo unaanza, chukua Alpine. Ni mrithi wa Pine, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1989 katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, kwa ajili ya wafanyakazi wa ofisini na si wataalamu wa kompyuta. Hilo bado linaonekana: chini ya skrini kuna orodha ya herufi za kubonyeza, mfano C kuandika barua au A kufungua kitabu cha anwani. Ina sehemu yake ya kuandikia, na barua za HTML inazigeuza yenyewe kuwa maandishi.

Mutt ni habari nyingine. Iliandikwa na Michael Elkins mwaka 1995, na mashabiki wake hawaambiliki. Inaunganisha barua na majibu yake, inachuja maelfu ya barua kwa amri moja, na inaelewana na GPG kwa wanaotaka kufunga ujumbe usisomwe na mwingine.

Ila inakuja mikono mitupu. Mipangilio yote unaiandika mwenyewe kwenye faili la muttrc. Kuandika barua inaita programu nyingine kama Vim au nano, na HTML lazima uielekeze kwa w3m au Lynx. Tenga jioni nzima, tena isiwe siku unayosubiri majibu ya kazi.

Kizuri ni kwamba ukibonyeza d, barua haifutiki hapohapo. Inawekewa alama tu, na u inaiokoa. Ukitaka kutoka, Mutt inakuuliza kwanza kama ifute kweli. Wapo pia wanaopenda NeoMutt, tawi lake lenye nyongeza kibao.

aerc ndiyo mdogo wao. Toleo lake la kwanza lilitoka 2019. Ukiifungua mara ya kwanza inakuuliza taarifa za akaunti yako, halafu unafungua barua kwenye vichupo kama kwenye kivinjari. Mtandao ukisuasua, skrini haigandi. Kwa sisi ambao mtandao unakuja na kuondoka, mimi naipa alama nyingi kwa hilo peke yake.

Wengi wanakwama kwenye nenosiri. Tangu 30 Mei 2022, Google ilianza kuzuia programu za nje kuingia kwenye akaunti binafsi za Gmail kwa nenosiri la kawaida. Njia rahisi ni kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili, kisha kutengeneza nenosiri maalumu la programu, lenye herufi 16.

Usiliandike wazi kwenye muttrc. Watu hupenda kupakia mafaili yao ya mipangilio GitHub ili wenzao waige, na nenosiri linaondoka nayo. Lihifadhi kwenye programu ya pass, kisha iambie Mutt au aerc ilichukue huko.

Huna kompyuta? Simu ya Android inatosha. Pakua Termux kutoka F-Droid, andika pkg install mutt, kazi imeanza. Simu ikiibiwa, ingia kwenye akaunti yako ya Google ukitumia kifaa kingine, ufute lile nenosiri la herufi 16. Nenosiri lako kuu halihusiki, kwa hiyo vifaa vyako vingine vitaendelea kupokea barua kama kawaida.