Johnson, Frank Minis (1918–1999)

Jaji wa mahakama za shirikisho nchini Marekani, mzaliwa wa kaskazini mwa Alabama na askari aliyejeruhiwa katika Vita vya Pili vya Dunia. Kuanzia mwaka 1955 hadi 1979 alikuwa jaji mjini Montgomery, na hukumu zake ziliondoa ubaguzi wa rangi kwenye mabasi, shule na daftari la wapiga kura la jimbo lake. Jaji aliyetumwa kutoka Washington angetangazwa mgeni asiyejua mila za Kusini, na watu wangeishia hapo. Johnson alikuwa mwenyeji, na ndiyo sababu wabaguzi walimchukia kuliko walivyowachukia watu wa mbali.

Alizaliwa tarehe 30 Oktoba 1918, mkubwa kati ya watoto saba, akakulia wilaya ya Winston karibu na mji mdogo wa Haleyville. Winston ni nchi ya vilima na udongo mchache. Mashamba makubwa ya pamba hayakustawi huko, na kwa hiyo watumwa walikuwa wachache mno. Alabama ilipojitenga na Muungano mwaka 1861, wakulima wa Winston waligoma kuifuata, na kwa vizazi kadhaa baadaye waliendelea kuunga mkono chama cha Republican huku jimbo zima likiwa mikononi mwa Democrats. Baba yake Johnson alikuwa jaji wa mirathi wa wilaya hiyo, na baadaye akawa mwakilishi wa chama hicho cha wachache katika bunge la jimbo. Kijana huyo alizoea mapema kuona baba yake akisimama upande wenye watu wachache.

Mwaka 1938 alimwoa Ruth Jenkins, msichana wa huko huko Winston. Wote wawili walisoma Chuo Kikuu cha Alabama, ambako Johnson alihitimu sheria mwaka 1943. Mmoja wa wenzake wa chuo alikuwa George Wallace, kijana mcheshi, mwanamasumbwi, mwenye kiu ya siasa. Walifahamiana vizuri. Kisha vita vikawachukua wote: Wallace alikwenda kurusha mabomu juu ya Japani akiwa katika kikosi cha ndege za B-29, na Johnson akaongoza askari wa miguu huko Normandy, ambako alijeruhiwa. Ruth naye alijiunga na jeshi la majini.

Baada ya kupona, Johnson alipangiwa kazi ya sheria jeshini nchini Uingereza. Huko alishiriki kuwatetea walinzi wa gereza la kijeshi la Lichfield walioshtakiwa kwa kuwatesa askari wenzao wa Marekani waliokuwa kifungoni. Utetezi wake ulishikilia kwamba maofisa wa juu wasiachwe pembeni huku mzigo wote ukitupiwa walinzi wa vyeo vya chini. Mtu akitaka kumwelewa jaji aliyekuja kuwa, aanzie hapo. Tangu wakati huo alikuwa akiuliza nani mwenye mamlaka, na kwa nini yeye hayuko kizimbani.

Aliporudi alifungua ofisi ya uwakili katika mji wa Jasper, kisha mwaka 1953 akawa mwanasheria wa serikali ya shirikisho. Rais Dwight Eisenhower alimteua kuwa jaji mwaka 1955, akaapishwa akiwa na miaka 37. Wiki chache baada ya kuapishwa, Rosa Parks alikamatwa Montgomery kwa kukataa kumpisha mzungu kwenye kiti cha basi. Kesi ya Browder dhidi ya Gayle, iliyofunguliwa na wanawake weusi wa mji huo, ilisikilizwa na jopo la majaji watatu. Johnson na Richard Rives waliamua mwezi Juni 1956 kwamba utengano ndani ya mabasi ni kinyume cha Katiba. Mwenzao wa tatu alipinga. Mahakama ya Juu ilithibitisha hukumu hiyo Novemba mwaka huo. Mgomo wa mabasi uliofuata kukamatwa kwa Parks huhadithiwa kama ushindi wa miguu ya watu waliotembea zaidi ya mwaka mzima, na ni kweli. Lakini miguu hiyo iliingia kwenye basi tena kwa amri ya mahakama.

Wallace naye wakati huo alikuwa jaji, wa mahakama ya jimbo katika mji mdogo wa Clayton. Mwaka 1958 Tume ya Haki za Raia ilitaka daftari za wapiga kura ili kuchunguza jinsi watu weusi walivyozuiwa kujiandikisha, naye akaapa mbele ya umma kwamba hatazitoa. Johnson alimwamuru azitoe, la sivyo atamfunga kwa kudharau mahakama. Wallace alizipitisha kimyakimya kupitia mikono ya watu wengine, zikafika kwa Tume, huku akitangaza kwamba hakusalimu amri. Miaka michache baadaye alishinda ugavana kwa kujigamba hivyo. Majaji wawili wa chuo kimoja na vita vimoja, na mmoja wao aliona kiti cha hukumu kuwa ngazi ya kupandia.

Machi 1965 askari wa jimbo waliwapiga waandamanaji kwenye daraja la Edmund Pettus huko Selma. Johnson kwanza alizuia maandamano mapya mpaka asikilize ushahidi, jambo lililowaudhi wengi wa upande wa Martin Luther King. Baada ya siku kadhaa za ushahidi, tarehe 17 Machi aliruhusu matembezi ya takriban kilomita 87 hadi Montgomery, kwa hoja kwamba haki ya kuandamana hupimwa kwa ukubwa wa dhuluma inayolalamikiwa. Usiku matembezi yalipokwisha, wanachama wa Ku Klux Klan walimuua Viola Liuzzo, mama aliyekuja kusaidia kutoka Michigan. Mahakama za jimbo zilishindwa kuwatia wauaji hatiani. Desemba mwaka huo walifikishwa mbele ya Johnson kwa kosa la kuvunja haki za raia, na alipowapa kila mmoja miaka 10, alikuwa amefika mwisho wa adhabu ambayo sheria hiyo iliruhusu.

Gharama ilifika nyumbani kwake. Walichomewa msalaba uani, marafiki wakaacha kuwatembelea, na kwa miaka mingi maofisa wa usalama walilinda nyumba. Mwaka 1967 bomu lililipuka kwa mama yake mzazi, ambaye hakudhurika. Mtoto wao wa pekee, waliyemwasili, alikua akijua kwamba baba yake anachukiwa na wazazi wa wanafunzi wenzake. Alifariki mwaka 1975 kwa kujiua. Johnson alikuwa mtu wa maneno machache, mpenda uvuvi na useremala, na Ruth ndiye aliyebaki mwenzake wa karibu katika miaka ya kutengwa.

Kazi yake isiyosimuliwa sana inawahusu watu wasio na kura kabisa. Katika kesi ya Wyatt aliamua kwamba mgonjwa wa akili anayefungiwa hospitalini bila hiari yake ana haki ya kutibiwa, kwani bila tiba hospitali ni jela tu. Hospitali ya Bryce huko Tuscaloosa ilikuwa na wagonjwa wapatao 5,000. Kwa kuwa jimbo halikurekebisha lolote, mwaka 1972 Johnson aliandika viwango mwenyewe, hadi choo kimoja kwa kila wagonjwa 8 na bafu moja kwa kila 15. Mwaka 1976 alifanya vivyo hivyo kwa magereza. Wallace, akiwa gavana tena, alilalamika kwamba jaji anatawala jimbo. Malalamiko hayo yalikuwa na chembe ya ukweli, ila jimbo lilikuwa limepewa nafasi ya kujirekebisha, likaiacha ipite.

Rais Jimmy Carter alimteua mwaka 1977 kuongoza FBI, lakini maradhi ya mshipa mkubwa wa damu yalimlazimu kujitoa. Mwaka 1979 alipanda hadi mahakama ya rufaa, na mwaka 1995 alitunukiwa Nishani ya Uhuru ya Rais. Alifariki tarehe 23 Julai 1999 akazikwa Haleyville. Kiti chake cha Montgomery kilirithiwa na Myron Thompson, jaji mweusi aliyekulia Tuskegee, na ni Thompson aliyeifunga kesi ya Wyatt mwaka 2003, miaka 33 tangu ifunguliwe.