Grace Ogot: Mhafidhina wa Ng'ambo ya Ziwa

Ziwa tunalolitazama kutoka Bukoba na Muleba ndilo lililomlea Grace Ogot, aliyezaliwa Asembo, Nyanza ya Kenya, mwaka 1930. Sisi tuliofundisha fasihi tulizoea kumpita upesi tukimkimbilia Ngũgĩ wa Thiong'o. Tulidhani kwamba mtetezi wa mila, tena aliyemo katika chama tawala, hana la kutufunza. Leo naona hukumu ile ilikuwa ya pupa.

Riwaya yake The Promised Land (1966) inamfuata Ochola, Mjaluo anayehamia Tanganyika ya enzi za mkoloni kutafuta ardhi. Mkewe Nyapol hataki kuhama, lakini anatii, kwani ndivyo alivyolelewa. Ochola anatajirika, jirani anamhusudu na kumroga, na tiba ya Wazungu inashindwa. Anayemponya ni mganga wa kienyeji, kisha familia inalazimika kurudi kwao. Ogot hamfanyi Nyapol mwasi. Hata hivyo, msomaji hufunga kitabu akijua ni nani aliyeona mbali.

Katika hadithi fupi ya "The Old White Witch", iliyomo katika Land Without Thunder (1968), wauguzi wa Kiafrika wanakataa agizo la matroni Mzungu la kubeba vyombo vya haja vya wagonjwa. Ogot mwenyewe alikuwa muuguzi na mkunga. Ukoloni aliujulia wodini. Hapo mila haimfungi mwanamke, bali inampa sauti ya kumwambia mkoloni hapana.

Kisha ukaja utawala wa Moi. Mwaka 1982 Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa sheria, na Ngũgĩ, aliyekwisha kuonja kizuizi, akabaki uhamishoni. Mwaka 1983 Moi alimteua Ogot kuwa mbunge, na baadaye akawa waziri msaidizi. Mwaka huohuo ilitoka Miaha, riwaya yake ya Kijaluo. Wawili hao waliirudia lugha ya mama, ingawa mmoja aliishia ugenini, mwingine bungeni. Simtakasi Ogot: aketiye karibu na mtawala hulipa kwa ulimi wake. Lakini uhafidhina wake uliwahifadhi wanawake ambao wanamapinduzi wengi waliwasahau.

Nasema haya kwa sababu ya deni letu. Majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka Oktoba 1978, mama zetu walikimbia na watoto mgongoni, wakiacha migomba na makaburi. Henry Muhanika alivitungia utenzi vita hivyo, ukachapishwa mwaka 1981, nasi tunamshukuru. Lakini simulizi za mama zetu, wengi wao watiifu kama Nyapol, bado zimo vinywani, na vinywa hivyo vinafumba mmoja mmoja. Washairi, nendeni mkaketi nao jikoni. Msiwaulize kwanza wako upande gani. Waulizeni waliona nini.