Homa njiani: wamisionari wagonjwa na safari zao za kurudi, 1861–1894

Historia ya Ukristo katika Afrika Mashariki huandikwa zaidi kwa habari za mahubiri, ubatizo na ujenzi wa makanisa, ilhali jambo lililoamua mengi kati ya hayo, yaani safari ya mmisionari mgonjwa anayerudi kituoni kwake au kwao Ulaya, hupitiwa kwa sentensi moja au mbili. Kati ya mwaka 1861 na 1894 homa iliua maaskofu, ikawaondoa wengine kazini, na kuwalazimisha waliobaki kufikiri upya ni nani ahubiri na wapi.

Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, inayojulikana zaidi kwa kifupi chake UMCA, ilizaliwa kutokana na mwito wa David Livingstone mjini Cambridge mwaka 1857, na somo hilo la homa ililipata mapema mno. Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, aliteremka Mto Shire pamoja na kasisi Henry Burrup ili kukutana na Livingstone na kupokea vifaa, lakini mtumbwi wao ukapinduka na dawa zote, kwinini ikiwamo, zikapotea majini. Mackenzie alifariki tarehe 31 Januari 1862 karibu na mahali Mto Ruo unapoingia Shire, naye Burrup, aliyemzika, alirudi kituoni kwao Magomero akiwa mahututi na kufa majuma machache baadaye. Askofu wa pili, William Tozer, aliyahamishia makao Unguja mwaka 1864, uamuzi uliolaumiwa sana Uingereza wakati ule na ambao, kwa kuutazama leo, huenda ndio uliookoa misheni. Hata hivyo yeye mwenyewe alijiuzulu mwaka 1873 kwa sababu ya afya.

Kutoka Unguja vituo vilienea tena bara, Magila katika nchi ya Wabondei na Masasi upande wa kusini, na hapo ndipo umbali ulipozaa taabu ya aina yake. Askofu alipoitisha sinodi, yaani mkutano wake na makasisi wa kupanga taratibu na nidhamu ya dayosisi, kasisi wa Masasi alilazimika kushuka kwa miguu hadi Lindi na kupanda chombo kwenda Unguja. Wakati wa kusi, upepo utokao kusini katikati ya mwaka, jahazi lilifika upesi; kurudi ndiko kulikokuwa na kazi, kwa kuwa nahodha alipaswa kubisha, yaani kwenda kwa kukata upepo upande huu na upande ule, na safari ya siku chache ikarefuka huku abiria wakilala juu ya shehena. Zaidi ya hayo, vimelea vya malaria hukaa mwilini takriban wiki moja au mbili, na pengine zaidi, tangu mbu aume mpaka homa ianze. Mtu aliyeumwa na mbu mjini siku za mkutano aliweza basi kuaga wenzake akiwa mzima kabisa na kuanguka akiwa njiani, mbali na daktari na mbali na kituo. Wamisionari waliiona hali hiyo bila kuielewa, kwani Ronald Ross alithibitisha kwamba mbu hubeba vimelea hivyo mwaka 1897 tu, na kabla ya hapo lawama ilitupiwa hewa mbaya ya mabwawa, uchovu au jua.

Aliyeanguka njiani alibebwa kwa machela, kitambaa au wavu uliofungwa kwenye mti na kuchukuliwa mabegani na wapagazi waliopokezana. Mfano unaojulikana zaidi ni wa James Hannington wa Chama cha Misheni cha Kanisa (CMS), aliyefika Unguja mwaka 1882 akielekea Uganda na kushikwa na kuhara damu pamoja na homa, hata akadhaniwa kuwa anakufa. Alifika ukingo wa kusini wa Ziwa Viktoria lakini hakuweza kuvuka kwenda Uganda, akarudishwa pwani kwa machela na kuwasili Uingereza Juni 1883. Mbebwaji hakupata raha yoyote humo: machela iliyumba kwa kila hatua, ilikwaruzwa na miiba, na katika vivuko ililazimu kuinuliwa juu ya vichwa. Hannington alipona, akawekwa wakfu kuwa askofu na kurejea, kisha akauawa Busoga Oktoba 1885 pamoja na karibu wapagazi wake wote, ambao majina yao wasomaji wa Ulaya hawakuyajua.

Charles Alan Smythies, askofu wa UMCA tangu 1883, alikuwa mtu wa miguu, akitembea mara kadhaa mpaka Ziwa Nyasa kwa sababu dayosisi yake ilianzia Unguja na kuishia huko. Mzigo huo uligawanywa mwaka 1892 ilipoundwa dayosisi ya Nyasa, lakini askofu wake wa kwanza, Wilfrid Hornby, aliugua na kujiuzulu mwaka 1894. Mwaka uo huo Smythies, akiwa amedhoofishwa na homa za mara kwa mara, alipandishwa melini Unguja ili apelekwe Uingereza. Alifariki baharini tarehe 7 Mei na mwili wake ukazikwa humo humo.

Mapengo yaliyoachwa na wagonjwa na wafu hao yaliisukuma misheni kuwategemea zaidi makasisi Waafrika. Ni kweli kwamba wazo la kuwa nao lilikuwapo tangu mwanzo, na John Swedi alipewa ushemasi mwaka 1879. Hata hivyo ni vigumu kuamini kwamba Wazungu wenye afya njema wangaliharakisha kukabidhi vituo. Cecil Majaliwa, Myao aliyeokolewa utumwani na kusomeshwa katika shule ya misheni ya Kiungani, Unguja, aliongoza kazi ya Chitangali karibu na Ruvuma tangu 1886, naye Smythies akampa ukasisi mwaka 1890.

Wapagazi nao waliugua ndui, kuhara na vidonda vya miguu, lakini wao hawakuwa na machela. Sewa Haji, mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyetajirika kwa kuandaa misafara na kuwakodisha wapagazi, alitoa fedha za kujenga hospitali Dar es Salaam kabla ya kufariki mwaka 1897, na jina lake lipo mpaka leo katika jengo la Sewahaji, Hospitali ya Taifa Muhimbili.