Gumegume

Mwite mwanamume wa Mtambile "gumegume", pale njia panda ya kwendea Kengeja, uone. Maana yake hafai kitu. Lakini hili lilikuwa jina la jiwe, tena jiwe la kazi, lililobanwa kwenye mtambo wa bunduki za zamani. Ukivuta kifyatuo, jiwe lapiga chuma, cheche zaangukia baruti ya nje, moto wapenya katundu kadogo hadi baruti ya ndani. Paa! Masika je? Baruti inaroa, nawe umebaki na gogo mkononi. Mie naona tusi lilizaliwa hapo.

Marekani bunduki ya jiwe ni mali ya kuwekwa kabatini. Karne ya 18 mafundi wenye asili ya Kijerumani, huko Lancaster, Pennsylvania, walitengeneza bunduki ndefu zenye vitako vya mti wa mepo, vimechongwa nakshi, na ubavuni kijisanduku cha shaba. Ndani ya mtutu mna michirizi inayoizungusha risasi ili iende sawa na mbali. Jina la fundi likionekana juu ya mtutu, bei inapanda.

Kwetu zilikuja nyengine. Tarehe 21 Septemba 1833, huko Maskati, Sayyid Said na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, walitia saini mkataba wa biashara. Watu huutaja wakisimulia nguo ya merikani. Hebu soma kifungu cha pili, bwana: bunduki, baruti na risasi, katika kisiwa cha Unguja ziuzwe kwa serikali tu, bandari nyengine zote za Sultani, ruhusa, achukue mwenye bei kubwa. Na Pemba ilikuwa mkononi mwake tangu miaka ya 1820. Mlango wa kwake kaufunga, wetu kauacha wazi!

Majeshi ya Ulaya yalipohamia bunduki za fataki, miaka ya 1840, magumegume yaliyostaafishwa yakapakiwa merikebuni kuja Afrika. Mtutu laini, hauna mchirizi. Sikatai, yalichoma vijiji na kuwatia watu minyororo huko bara. Ndiyo maana mkataba wa Brussels wa 1890, wa kupiga vita utumwa, uligusa na silaha. Lakini tazama ulivyogusa: kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini ya ikweta, bunduki ya michirizi marufuku kuuzwa ovyo, kinachoweza kuruhusiwa ni gumegume la mtutu laini na baruti ya kawaida. Michirizi ileile ya Lancaster! Mwaka huohuo Unguja na Pemba zikawa chini ya himaya ya Uingereza. Wenye kuandika sheria hawakujipangia gumegume wao.

Mwaka 1905 Majimaji ilipozuka kusini ya Tanganyika, wapiganaji walishika mikuki na magobori. Upande wa Wajerumani kulikuwa na bombomu.