Kubadili chujio la oili kwenye magari ya zamani, Kigali

Kubadili chujio la oili ni kuondoa chujio lililojaa uchafu na kufunga jipya, kwa kawaida wakati oili inapomwagwa. Kigali ni mji wa vilima, wenye mwinuko wa takriban mita 1,500. Injini hupanda kwa gia ndogo ikiwa na joto, na kiangazi huongeza vumbi, hivyo oili huchafuka haraka. Mafundi na wauza vipuri wengi wako Gatsata, wilayani Gasabo, na vipuri vinavyoshushwa bandarini huja kwa malori, kutoka Mombasa kupitia mpaka wa Gatuna au Dar es Salaam kupitia mpaka wa Rusumo.

Chujio la oili la gari lilibuniwa Marekani mwaka 1923 na Ernest Sweetland na George Greenhalgh. Kopo linalofungwa kwa kuzungushwa lilianza kuenea miaka ya 1950, ndiyo maana magari ya zamani hayafanani. Volkswagen Beetle ya zamani haina chujio la kubadilisha kabisa: ina wavu wa waya chini ya injini, ambao huoshwa na kurudishwa kwa gasketi mpya mbili, na huchukua lita 2.5 tu za oili. Nati zake 6 hubanwa kwa upole, kwa kuwa kasha la injini ni la aloi laini. Land Rover Series, kwa upande wake, huweka chujio la karatasi ndani ya bakuli la chuma lenye boliti ya katikati. Pete ya mpira ya zamani hujificha kwenye mfereji wake. Fundi asipoing'oa, mpya hukaa juu yake na oili huvuja kwa kasi mara presha inapopanda.

Kwenye magari ya kopo, hatari kubwa ni nyuzi za skrubu. Injini nyingi za zamani za Toyota hutumia inchi 3/4 yenye nyuzi 16 kwa inchi. Nissan na Honda nyingi hutumia milimita 20 kwa hatua ya 1.5. Tofauti ya kipenyo haifiki milimita moja, kwa hiyo kopo la milimita 20 laweza kuingia kwenye skrubu ya 3/4 na kuonekana limeshika, kisha likafyatuka barabarani. Namba ya chujio ilinganishwe na ile iliyotajwa kwa injini hiyo. Sura ya kopo haitoshi.

Kabla ya kufunga, pete ya mpira hupakwa oili safi. Pete ikigusa, kopo hubanwa kwa mkono robo tatu ya mzunguko. Oili mpya ikishajazwa, injini huwashwa mpaka taa ya oili izime, huzimwa, kisha uvujaji na kijiti cha oili hukaguliwa.

Gatsata iko kwenye bonde la mto Nyabugogo. Kwa hiyo oili iliyotumika na chujio kuukuu vikusanywe kwenye dumu lenye kifuniko, visimwagwe mtaroni.