Jembe la Biharamulo na Viwanda vya Uingereza

Watu wengi huyasoma mapinduzi ya viwanda kama habari za Manchester na Birmingham peke yake. Lakini moto uliowashwa huko ulizima moto mwingine, mbali sana, katika misitu ya Biharamulo.

Hapo kale mafundi walioitwa Barongo waliyeyusha chuma katika nchi ya Wazinza na majirani zao. Hawakuwa ukoo mmoja, bali chama cha watu wa koo mbalimbali waliofungwa na miiko ya kazi yao. Walichoma makaa, wakajenga tanuri za udongo, wakavuta mivukuto. Jembe lao lililima, likatolewa mahari, likauzwa hata Unyamwezi. Mwenye kulifua alikuwa mtu wa heshima.

Uingereza nako chuma kiliyeyushwa kwa makaa ya miti, hata Abraham Darby alipotumia koki ya makaa ya mawe mwaka 1709. Baadaye bei ya chuma ilishuka, na mafundi wa vijijini wakavutwa viwandani. Huko waliteseka, na watoto wao pia. Walakini waliteseka pamoja, na waliokusanyika huweza kusema kwa sauti moja. Mwaka 1824 sheria iliyokataza vyama vya wafanyakazi ilifutwa. Mwaka 1833 saa za kazi za watoto zilipunguzwa. Mwaka 1867 wanaume wengi wafanyao kazi mijini walipata kura.

Reli kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, bidhaa za Ulaya zilipata njia rahisi ya kuvuka Ziwa Viktoria. Jembe la kiwandani likauzwa kwa bei ambayo Mrongo hakuiweza, na tanuri zikapoa moja baada ya nyingine. Kiwanda kilichoondoa kazi yake kilikuwa ng'ambo. Yeye hakuwa na mlango wa kubisha. Kodi nayo ilidaiwa kwa fedha. Kwa ajili hiyo vijana wa Bugufi, ambayo leo imo katika wilaya ya Ngara, walikwenda kwa miguu hata Buganda kulima pamba na kahawa za wengine. Walitawanyika, kila mmoja na tajiri wake. Kura ya watu wazima wote haikuwafikia ila baada ya uhuru wa mwaka 1961.

Basi mashine haileti haki kwa nguvu zake yenyewe. Uingereza iliwakusanya watu hata wakadai; Biharamulo na Ngara iliwatawanya, na madai yao yakachelewa.