Kilomita 800 Bila Raba

Juma lililopita nilipata barua kutoka kwa dada mmoja wa Tabora mjini. Anasema umri wake ni miaka thelathini na kitu, ana watoto watatu, na daktari amemshauri awe anakimbia kidogo kidogo asubuhi kwa sababu ya presha. Ameingia sokoni kutafuta raba, akakuta kila muuzaji ana lake. Mmoja kamwambia achukue za kiume namba ndogo, ati ni kitu kilekile. Mwingine kamcheka, akasema mwanamke hana haja ya raba, ndara zinamtosha. Sasa ananiuliza mimi, mtu wa mambo ya kale, kama nina la kusema.

Ninalo, tena ni refu, maana Tabora ni mji uliojengwa kwa miguu. Kabla ya reli kuwasili mwaka 1912, karibu kila bidhaa iliyoingia Unyanyembe iliingia kichwani au begani mwa mtu. Waingereza wawili, Burton na Speke, walipofika Kazeh, yaani Tabora hii hii, tarehe 7 Novemba 1857, walikuwa wameondoka pwani mwezi wa Juni. Kutoka Bagamoyo njia ilipita Usagara, ikakatiza Ugogo, ikaingia Mgunda Mkali ambako maji yalikuwa ya kubahatisha, ndipo ikatokeza Unyanyembe. Ni zaidi ya kilomita 800, na kwa aliyekuwa akiendelea hadi Ujiji bado kulikuwa na safari ya majuma kadhaa mbele yake. Mpagazi alibeba kilo 30 au zaidi, mbali na mkeka wake, chungu chake na posho yake.

Miguuni alivaa nini? Wengi hawakuvaa kitu. Mwenye uangalifu alikata ngozi ya ng'ombe au ya mnyama wa porini kwa kipimo cha unyayo wake, akatoboa matundu, akapitisha kamba ya ngozi, basi. Watu wa pwani walikuwa na makubazi yao, lakini makubazi ni ya kuendea msikitini na barazani, hayakutengenezwa kwa miiba ya Ugogo.

Ujira ulilipwa kwa nguo, na nguo iliyotakiwa kuliko zote ilikuwa merikani, kitambaa cheupe kigumu kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Unguja kwa majahazi makubwa ya wafanyabiashara wa Salem. Sayyid Said aliwekeana mkataba na Marekani mwaka 1833, na konseli wao wa kwanza akafika Unguja mwaka 1837. Kwa hiyo huyo dada anaposhika raba ya mtumba iliyotoka Marekani, asidhani ni jambo geni. Bidhaa za huko zimekuwa zikipanda njia hii kwa karibu miaka mia mbili.

Sasa nifike kwenye shabaha yangu. Picha zilizomo katika vitabu vya shule zinaonyesha mstari wa wanaume wenye pembe begani. Tumefundishwa kwamba kwa Wanyamwezi kwenda pwani ilikuwa ndiyo jando ya kijana, na kwamba asiyeuona mji wa pwani alihesabiwa bado mtoto. Ni kweli. Lakini waliotembea hawakuwa wanaume peke yao. Mwanahistoria Stephen Rockel, aliyeandika juu ya wapagazi wa Kinyamwezi katika kitabu chake cha mwaka 2006, aliwapa wanawake wa misafara nafasi yao kamili: wake waliofuatana na waume zao, wanawake waliobeba mizigo kwa ujira, wengine waliokuwa na biashara yao ndogo njiani. Kirangozi alipopiga baragumu alfajiri, nao waliinuka, chungu kichwani na mtoto mgongoni. Msafara ulipotua karibu na adhuhuri, mwanamume alitua mzigo wake akanyoosha miguu. Mwanamke alitua mzigo wake akaenda kutafuta maji na kuni. Nani basi alitembea zaidi?

Tusisahau pia wale ambao hawakuulizwa kama wanataka kusafiri. Tabora ilikuwa kituo cha biashara ya watumwa, na wanawake walikuwa wengi miongoni mwa walioteremshwa pwani. Hao miguu yao haikuhesabiwa na mtu. Biashara ya kuwasafirisha kwa bahari kutoka Unguja ilipigwa marufuku mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe katika Tanganyika haukufutwa kisheria hadi mwaka 1922, yaani ndani ya maisha ya mabibi zetu.

Yupo mmoja tunayemjua kwa jina, naye ni Halima. Alikuwa mpishi wa Dakta Livingstone na mke wa Amoda, mmoja wa watu wa Daktari. Mwaka 1872 Livingstone alikuwa Kwihara, mwendo mfupi kutoka Tabora mjini, akingojea wapagazi aliotumiwa na Stanley. Siku moja Halima aligombana na mwenzake Ntaoéka akaondoka zake, kisha akarudi mwenyewe. Daktari akaandika katika daftari lake kwamba mwanamke huyu ni mwepesi wa akili, hajaiba hata mara moja, na kwamba wakifika Unguja atamwacha huru na kumnunulia nyumba na bustani. Mwezi Agosti wakaondoka Unyanyembe kuelekea kusini. Livingstone akafa kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mwaka 1873. Watu wake wakaikausha maiti, wakaibeba. Mwezi Oktoba wakapita tena Unyanyembe, wakamkuta Cameron aliyekuwa akija kumtafuta Daktari. Februari 1874 wakaingia Bagamoyo. Halima alikuwemo. Ni safari ya miezi tisa, zaidi ya kilomita 1,600.

Susi na Chuma walipelekwa Uingereza, wakapigwa picha, majina yao yakaingia vitabuni, nao walistahili. Halima je? Mhariri aliyechapisha daftari za Livingstone aliweka maelezo chini ya ukurasa kwamba mwanamke huyu aliifuata maiti mpaka Unguja, na kwamba kifo cha bwana wake kiliuacha utumishi wake wa muda mrefu bila malipo yoyote. Nyumba hakuipata, wala bustani. Mimi kila nikisoma ukurasa ule huufunga kitabu kwanza.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1884, mke wa mmisionari mmoja, Bibi Annie Hore, alisafirishwa kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika akiwa ameketi katika kiti cha wagonjwa, pamoja na mwanawe mdogo, wapagazi wakipokezana kumbeba. Akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1886, na hicho kiti kimo katika jina la kitabu. Simcheki, maana njia ile iliwaua Wazungu wengi. Lakini ndicho kitabu cha safari ya mwanamke katika njia yetu kilichopata wasomaji Ulaya, na humo mwanamke amebebwa.

Sasa sikilizeni kichekesho. Mwaka 1928, katika Michezo ya Olimpiki ya Amsterdam, wanawake waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kukimbia mita 800. Magazeti yakavumisha kwamba wakimbiaji walianguka ovyo kwa kuishiwa nguvu, habari iliyotiwa chumvi nyingi, na wakubwa wa michezo wakaiondoa mbio hiyo kwa wanawake mpaka mwaka 1960. Mita 800! Wakati huo Unyamwezi walikuwa bado hai vikongwe waliokuwa wamekwenda kilomita 800 na chungu kichwani, na hakuna aliyewaletea machela. Hata mwaka 1967 afisa wa mbio za Boston alimrukia Kathrine Switzer njiani akitaka kumvua namba yake, kwa kosa la kukimbia marathoni akiwa mwanamke. Olimpiki haikuweka marathoni ya wanawake hadi mwaka 1984.

Haya yote yanahusika na viatu. Ikiwa walioshika michezo waliamini kwamba mwanamke hakimbii, nani angemtengenezea raba? Kwa miaka mingi viwanda vilichukua kalibu ya mguu wa mwanamume, vikaipunguza, vikapaka rangi ya waridi, vikaita kiatu cha kike. Lakini mguu wa mwanamke una umbo lake: kwa kawaida kisigino ni chembamba ukikilinganisha na upana wa mbele. Kiatu cha kiume kilichopunguzwa kikimtosha mbele, nyuma kinampwaya. Kikimshika nyuma, vidole vinabanwa. Yule muuzaji wa "kitu kilekile" amekosea.

Na sidiria je? Naomba radhi kwa wazee wanaosikiliza, lakini jambo hili halina budi kusemwa. Sidiria ya michezo ilishonwa kwa mara ya kwanza mwaka 1977, katika jimbo la Vermont, Marekani, na wanawake watatu, Lisa Lindahl, Polly Smith na Hinda Miller. Walichukua nguo mbili za ndani za wanamichezo wa kiume, zile za kushikilia sehemu za siri, wakaziunga pamoja. Basi ndiyo kusema binadamu alikanyaga mwezini mwaka 1969, na miaka minane baadaye ndipo mtu akakumbuka kwamba mwanamke anayekimbia ana kifua. Bibi zetu walijifunga kaniki kwa nguvu, na hadi leo wapo wanaofunga kanga juu ya sidiria ya kawaida. Kwa kutembea inasaidia. Kwa kukimbia, maumivu ya mgongo na mabega yatakuja. Kama fedha ni kidogo, namshauri dada yangu aigawe: apunguze kwenye trakisuti, asipunguze kwenye raba wala sidiria.

Sisi wenyewe tulijaribu kutengeneza viatu. Kiwanda cha viatu cha Morogoro kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia kwa matumaini ya kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka na kuuza nyingi Ulaya. Hakikufikia hata sehemu ya kumi ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikafungwa. Wakati huo milango ya biashara ilikuwa imekwisha kulegezwa tangu katikati ya miaka ya 1980, na mitumba ikajaa. Hivyo raba nyingi zinazokimbia nchini zimewahi kukimbia kwingine, zikashushwa Dar es Salaam, zikachambuliwa Kariakoo na Ilala, ndipo zikapanda bara. Na jina la Kariakoo lenyewe, kwa wasiojua, limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza.

Kwa anayenunua mtumba, aanze na soli. Akiikuta imelika upande mmoja, aiache, kwa sababu mwenyewe wa kwanza ameiachia mwendo wake, nao utamvuta goti. Kisha abonyeze kwa kidole gumba ile sehemu laini iliyo juu ya soli. Kama imekuwa ngumu kama ubao, raba imezeeka hata ikiwa haina doa. Aende sokoni jioni, miguu ikiwa imejaa baada ya kazi za siku nzima, na avae soksi atakazokimbilia. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Kisigino kisipande na kushuka. Asikubali kupimwa akiwa amekaa kwenye benchi. Asimame, atembee, aruke mbele ya muuzaji, na kama muuzaji anacheka, duka la pili lipo. Tabora ina mchanga, hivyo ile yenye wavu mpana juu itamjaza changarawe.

Najua wapo watakaosema watoto wetu hukimbia pekupeku na hushinda. Tegla Loroupe wa Kenya alikuwa akikimbia pekupeku kwenda shule, na mwaka 1994 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda marathoni ya New York. Sawa, lakini New York alivaa viatu. Aliyezoea tangu utotoni ana unyayo wa namna yake. Mama wa miaka thelathini na kitu aliyeshinda ofisini hawezi kuanza na miba ya Tabora.

Yapo na macho ya watu. Nimewaona kina mama wakitoka alfajiri wamevaa trakisuti na kanga juu yake, kanga inafunguliwa wanapoupita mtaa, inafungwa tena wanaporudi. Sioni ubaya wa kanga, ila nauona ubaya wa vijana wa kijiweni wanaomfanya mtu mzima aihitaji. Mwaka 1980 Nzaeli Kyomo na Mwinga Mwanjala waliikimbilia Tanzania katika Olimpiki ya Moscow, dunia nzima ikiwatazama, na hakuna aliyewapigia miluzi.

Septemba 2023 kule Berlin, Magdalena Shauri wetu alikuwa wa tatu katika marathoni kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41. Aliyeshinda, Tigst Assefa wa Ethiopia, alikimbia kwa saa 2, dakika 11 na sekunde 53, rekodi ya dunia ya wakati huo. Kiatu cha Assefa kilikuwa na uzito wa gramu 138 na bei ya dola 500, na waliokitengeneza walisema kimekusudiwa mbio moja tu. Dada yangu wa Tabora asihangaike na hicho. Atafute raba nzito kidogo, ya kudumu, aanze kwa kutembea haraka chini ya miembe ile ya njia ya zamani, ambayo wazee husema iliota kutokana na kokwa zilizotupwa na watu wa misafara. Kuna kivuli cha kutosha mpaka saa mbili asubuhi.

Juma lijalo, Mungu akipenda, nitajibu barua ya mzee wa Urambo aliyeuliza habari za Mtemi Mirambo.